Namba Niliyoigonga kwa Mkono Wangu

Mara ya mwisho niliwaacha nikiwa nimejifungia kwenye gereji ya baba mkwe, nyundo mkononi na jasho likinitoka hadi kwenye nyusi. Wengi mmeniandikia. Wapo walioniita mwizi, wapo walioniita mjinga. Nimezisoma barua zote, na sina wa kubishana naye.

Kwa ambaye hakuwa nasi, nieleze kwa kifupi. Mimi ni mthamini wa magari ya kale. Nilikuwa na ofisi yangu na bango mlangoni, ofisi ikafa kwa sababu ya ujuaji wangu, chama cha wathamini kikanipa onyo la mwisho, nikahamia na mke wangu kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa wazazi wake, ghorofa ya tatu. Mwanamume wa miaka arobaini na moja, kila asubuhi napanga foleni ya kuoga nyuma ya baba mkwe.

Baba mkwe ana gari moja jeusi la miaka arobaini na tisa. Alikuwa dereva wake tangu lilipotoka kiwandani, viti vikiwa bado vimefunikwa karatasi. Tajiri yake alipohama nchi, alimwachia ufunguo na barua ya kumkabidhi. Tangu siku hiyo analitunza kwenye gereji iliyo chini ya jengo letu.

Mama mkwe nyonga yake imekwisha. Hajakanyaga chini miaka miwili. Anakaa roshani, anautazama mtaa kwa juu, akitaka nyanya anashusha kikapu kwa kamba na kupiga soga na muuzaji kwa sauti mpaka majirani wote wanajua tutakula nini. Ngazi ni arobaini na nane. Baba mkwe akaamua kuliuza gari ili amnunulie nyumba ya chini, isiyo na ngazi hata moja.

Mnunuzi akapatikana, mkusanyaji wa magari ya kale. Akataka ripoti ya mthamini. Baba mkwe akanipa mimi kazi hiyo mezani, mbele ya familia nzima, kwa heshima ambayo sikuwa nimeonjeshwa muda mrefu. Nikafungua boneti, nikakuta mahali pa namba ya injini ni patupu.

Hapa lazima niwafundishe kidogo, la sivyo hamtaelewa ukubwa wa balaa langu.

Watu hudhani gari la kale linapandishwa bei na kung'aa. Sivyo hata kidogo. Ukilipaka rangi mpya umelipunguza. Ukilivisha viti vipya umelipunguza tena. Anayejua anataka kujua yalitengenezwa mangapi, yamebaki mangapi, nani aliliendesha na makaratasi yako wapi. Halafu anauliza swali kubwa kuliko yote: injini hii ndiyo iliyozaliwa na gari hili, au imeletwa baadaye? Kiwanda kile kiligonga namba moja mahali pawili, kwenye chesisi na kwenye ubavu wa injini. Namba zikilingana, bei inapanda mara mbili. Mahali pa injini pakiwa patupu, sisi wa kazi hii tunasema moja kwa moja kwamba kuna mtu ameisugua namba kuficha injini ya kupachika.

Nilimuuliza baba mkwe. Akaniambia injini ile haijawahi kutoka ndani ya gari lile hata siku moja. Nikaitikia kwa kichwa, huku moyoni nacheka. Wenye magari wote husema hivyohivyo.

Sikumwamini. Nataka muishike hiyo, kwa sababu mengine yote yalianzia hapo.

Jumapili, wakati wenzangu wanakula juu, nilimwomba ufunguo wa gereji nikamwambia nakwenda kupima matairi. Nikasugua kwa msasa bapa la chuma kwenye ubavu wa injini, pale namba inapokaa, nikaigonga namba ya chesisi tarakimu kwa tarakimu, nikapaka grisi na vumbi. Kisha nikaandika kwenye ripoti: namba ya injini ipo na inalingana. Nikatia sahihi. Nilijiambia namsaidia mzee, na kwamba mama mkwe atashuka chini kwa ajili yangu. Niliona hata raha.

Sasa tuje Alhamisi.

Mnunuzi alimtuma mtaalamu wake kulihakiki gari kabla ya kulipa. Nilitarajia mwanamume mwenye tai. Akaja mama wa makamo amevaa raba, begi la ngozi begani, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni kama filimbi ya refa. Kumbe ndiye aliyetunza kumbukumbu za kiwanda kile mpaka siku kilipofungwa, na madaftari yote alinakili kabla hayajatupwa. Nikambatiza Mama Kioo, kimoyomoyo.

Baba mkwe alikuwa amevaa koti lake la udereva, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni. Mke wangu alishusha chai kwenye sinia. Mama mkwe alikuwa roshani na kigoda chake, tangu jana anafunga vyombo kwenye maboksi. Tulipomwambia asubiri kwanza, alijibu kwamba amesubiri miaka miwili na mikono yake haina kazi nyingine.

Mama Kioo alilizunguka gari polepole. Akagusa rangi kwa ukucha, akasema ni ya kiwandani. Akaona mkwaruzo mrefu mlangoni, ule ambao mimi nilitaka uzibwe na baba mkwe akakataa. Akaupapasa na kutabasamu. Alisema mkwaruzo wa kweli anaupenda kuliko rangi ya uongo, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Baba mkwe akamletea daftari lake. Kila oili aliyobadilisha, kila tairi, kila plagi, tarehe na kilomita, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi. Miaka arobaini na tisa. Mama Kioo alilisoma akiwa amesimama, akasahau chai. Alisema amewahi kuona magari ya wakubwa wa nchi yasiyo na nusu ya kumbukumbu zile, na kwamba daftari lenyewe tu litaongeza thamani. Nilimwona mzee anajinyoosha ndani ya lile koti.

Kisha akachuchumaa kusoma namba ya chesisi. Akaisoma mara moja. Akaisoma tena kwa kioo. Akaomba kiti.

Mke wangu alidhani mama wa watu anazidiwa na joto, akakimbilia maji. Yeye akayakataa kwa mkono, akatoa kwenye begi nakala za daftari la kiwanda, akapitisha kidole mpaka mstari mmoja.

"Mzee wangu, unajua hili ni gari la ngapi?"

Baba mkwe akasema hajui, yeye alipewa ufunguo tu.

"La kumi na tisa. Mwaka ule kiwanda kilianza kazi kabla mashine ya kugongea namba za injini haijafika. Magari thelathini na moja ya mwanzo yalitoka hivyohivyo, injini zake hazina namba. Mpaka leo tunayajua manne tu. Hili lako ni la tano."



Akaendelea kueleza, na kila neno lilinichoma. Alisema mafundi wengi hawaijui habari hii. Wakikuta mahali patupu hudhani injini imebadilishwa, wanalidharau gari, wengine wanalikatakata kuuza vipuri. Ndiyo maana yamebaki machache. Mwenye kuyajua anatafuta ule utupu wenyewe, na juu ya bapa anatafuta mistari myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwanda. Ikionekana hiyo, mnunuzi wake yuko tayari kulipa mara tatu ya bei tuliyokubaliana.

Baba mkwe alinigeukia. Hakuwa na kejeli, hakuwa na kisasi. Alikuwa na furaha tupu, kama mtu aliyesingiziwa miaka na leo kesi imefutwa.

"Unaona, mkwe? Nilikwambia haijawahi kutoka."

Nikasema naona, baba.

Mke wangu alitoka nje ya gereji akampigia kelele mama yake roshani, mara tatu, bei mara tatu. Kule juu makofi yakapigwa, na jirani wa ghorofa ya pili akafungua dirisha kuuliza nani kajifungua.

Mimi nilianza vituko. Nilisema chai inapoa, tunywe kwanza. Mama Kioo akainywa kwa mafunda mawili akiwa wima. Nikasema gereji ina giza, tusubiri taa. Akatoa kurunzi. Nikasema waya wa boneti unasumbua siku hizi, huenda ukahitaji fundi. Baba mkwe akanishangaa, akauvuta kwa kidole kimoja, na boneti ikafunguka bila hata kulia.

Nilipiga hatua moja nyuma. Mke wangu akanishika mkono, vidole vyake vina joto, akanikandamiza kwa furaha. Sijawahi kuuonea aibu mkono wangu kama dakika ile.

Mama Kioo aliinama. Kurunzi ilitulia mahali pamoja. Akachomoa kitambaa, akapangusa grisi. Akapangusa tena. Alipoinua uso, ulikuwa uso wa mtu mwingine.

"Kuna namba hapa."

Baba mkwe akacheka kidogo, akamwambia haiwezekani. Akasogea, akainama kando yake, akavaa miwani.

"Hapa hapakuwa na namba," akasema. Hakumwambia mtu. Alikuwa anaiambia injini.

Mama Kioo alieleza kwa sauti ya chini, ya huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alisema ndani ya tarakimu chuma bado kinang'aa, kwa hiyo kazi hii haina hata mwezi. Aliyegonga alianza kwa kusugua msasa, na kwa kusugua amefuta mistari ya kiwanda ambayo hakuna mashine duniani inayoweza kuirudisha. Sasa hakuna wa kuthibitisha kwamba injini ni ileile. Gari lililokuwa la tano limekuwa gari kuukuu lenye namba ya kughushi, na wakusanyaji huliogopa hilo kuliko kutu.

Mke wangu akauliza litauzwa kiasi gani basi. Alipotajiwa, akaniachia mkono. Bei ile isingenunua hata sebule ya nyumba ya chini.

Kutoka roshani mama mkwe akauliza mbona tumenyamaza, ashushe boksi la masufuria au asubiri.

Mama Kioo akafungua begi tena. Nilijua anachotafuta. Akatoa ripoti yangu, akaisoma sentensi yangu kwa sauti, neno kwa neno, mpaka sahihi. Halafu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Mzee anasema hapajawahi kuwa na namba. Wewe umeandika ipo. Siku ulipofungua boneti mara ya kwanza, uliikuta?"

Ndugu zangu, nimekuwa nikiwasimulia mikosi yangu wiki baada ya wiki. Ofisi ilipokufa nililaumu wateja. Nilipohamia kwa wakwe nililaumu wenye nyumba. Hii siwezi kumlaumu mtu. Swali lilikuwa moja na majibu yalikuwa mawili, na nilikuwa na nafasi ya kutosha kuchagua.

Niliwaza onyo la mwisho la chama. Niliwaza polisi. Niliwaza mke wangu atakavyonitazama. Mama mkwe sikumuwaza hata kidogo, na Mungu anajua nasema kweli.

"Niliikuta, mama."

Nilisema kwa sauti nzuri kabisa, ile ya ofisini.

Baba mkwe akavua miwani. Akanitazama. Huyu mtu ameipangusa injini ile kila Jumamosi kwa miaka arobaini na tisa, anaijua kuliko kiganja chake. Alijua hapakuwa na namba, na alijua ufunguo ni mmoja, na alijua Jumapili alimpa nani. Haikumchukua sekunde tano. Niliona kabisa wazo lake likifika kwangu, likasimama.

Nilingoja aseme. Wallahi, sehemu yangu ilitaka aseme, nimalizike.

Mama Kioo akamuuliza ufunguo wa gereji anao nani. Baba mkwe akaingiza mkono ndani ya koti, akautoa, umefungwa kwenye kamba ya kiatu shingoni mwake.

"Ninao mimi. Mwingine hakuna."

"Hakuna mtu uliyewahi kumpa?"

Akamwangalia binti yake. Mke wangu alikuwa amesimama na sinia kifuani, hajui lolote, anasubiri baba yake atoe jibu litakalomaliza upuuzi ule. Mzee akamwangalia kwa muda, kisha akageuka.

"Kama mkwe wangu anasema aliikuta, basi andika hivyo."

Mimi nilisimama palepale. Sikukohoa, sikujikuna. Mtu wa miaka sabini na tatu amejivika uongo wangu mbele ya mgeni, ili binti yake asibaki na mume wa aibu, na mume mwenyewe anahesabu matofali ya ukuta.

Mama Kioo alisema amesikitika sana, kwa sababu lile daftari lilikuwa limemfanya amwamini. Nalo sasa, alisema, hawezi kulitegemea, maana mwenye kughushi namba anaweza kughushi na tarehe. Baba mkwe akalichukua daftari lake kutoka juu ya gari, akalifunga, akalishika kwa mikono miwili.

Mama Kioo akamwekea fomu ya chama cha wakusanyaji juu ya buti la gari. Mwenye gari akiri kwa sahihi kwamba namba ni ya kughushi na imegongwa naye, jina lake liingie kwenye orodha yao ya walioghushi, mambo yaishe hapo bila polisi. Asipokiri, itabidi uchunguzi ufanyike. Baba mkwe akaomba kalamu. Alisema hana ugomvi.

Hapo ndipo mke wangu alipoweka sinia chini.

"Baba hawezi. Hata kwenye bili ya maji hajawahi kuongopa. Ngoja kwanza, mama, usiandike."

Akajipekua mfukoni, akatoa simu. Akakumbusha kwamba yeye ndiye aliyepiga picha za tangazo, miezi miwili iliyopita, kabla mnunuzi hajajulikana. Alipiga gari lote, nje, ndani, chini, na injini akaipiga pande zote kwa sababu hakujua wanunuzi wanataka kuona nini. Picha zina tarehe. Kama namba haikuwepo siku hizo, picha zitasema, na kama ilikuwepo, basi baba yake atubu.

Mimi habari ya picha hizo sikuwa nayo. Wakati anazipiga nilikuwa nimelala chumbani, nikiwa nimekasirikia dunia.

"Mwanangu," baba mkwe alisema, "achana na hizo picha."

"Kwa nini, baba?"

"Rudisha simu mfukoni. Nakuomba."

Hajawahi kumwomba kitu bintiye kwa sauti ile. Mke wangu akatahayari, akamtazama Mama Kioo, akamtazama baba yake, machozi yameanza. Nadhani kwa nukta moja aliogopa kwamba mzee kweli ana cha kuficha. Kisha akakaza midomo, akaendelea kupekua.

Mama Kioo akairudisha fomu kwake, akasema atasubiri.

Mke wangu akapitisha picha moja, ya pili, ya tano. Akafuta macho kwa kiwiko. Akanijia, akaniwekea simu kiganjani.

"Zitazame wewe. Mimi naona vyuma tu, sijui namba hukaa wapi. Wewe ndiye mtaalamu."

Picha ya saba ilikuwa yenyewe. Mwanga mzuri, mkono haukutikisika. Bapa la chuma lilijaa kwenye kioo cha simu, safi, tupu, na mistari myembamba ya kiwanda ikihesabika mmoja mmoja. Chini yake tarehe. Pembeni ya tarehe, alama ya kufuta.

Baba mkwe hakunitazama. Alikuwa ameshika kalamu, anatazama sakafu, ananipa nafasi.

"Umeipata?" mke wangu akauliza.

"Bado," nikasema. "Bado naitafuta."